Mahali Mashine Iliponyoosha Kidole

Kabla sijaona nyumba wala mtu, nilisikia mkwaruzo. Kitu kigumu kilipita juu ya bati, kikakata, kikanyamaza, kikarudi kwa haraka zaidi, kama mtu anayenoa panga na hataki majirani wajue. Ninyi mliozaliwa hapa Malawi mkisikia mkwaruzo mnafikiria fundi. Sisi tuliotoka Bukavu wakati ule wa vita tulifikiria panga kwanza. Nilisimama nyuma ya ukuta wa matofali ya udongo, ndoo ya maji kichwani, nikitafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Maji yalinimwagikia shingoni na bado sikusogea.

Kisha sauti ya mzee ikasema, kwa upole kabisa: "Haya. Huyu x ni wa namna gani? Tusimuulize. Tumuangalie tu anafanyishwa nini."

Nilichungulia. Mzee mwembamba, koti limemchoka mabegani, alikuwa akiandika kwa chaki ngumu juu ya kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani. Mbele yake alikaa fundi cherehani mmoja wa Uvira, ameinamisha kichwa kama yuko ibadani. Hapakuwa na kompyuta. Hapakuwa na umeme. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ya siku zile ungeweza kuzunguka kutwa nzima usione waya. Na yule mzee alikuwa akifundisha kuandika programu za kompyuta.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka macho yaliponikatalia. Mnaponiuliza siku hizi, "Bibi, nianze na lugha gani?" mimi hucheka kimoyomoyo, maana mimi nilianza na bati.

Mzee huyo tulimwita Mzee Kashindi. Aliwahi kufundisha katika chuo kimoja kule Bukavu, na aliondoka na lugha moja ya kompyuta kichwani, kama mwingine anavyoondoka na wimbo. Yule fundi cherehani alikuwa Dede, mwimbaji wa kwaya, mwenye mdomo usiopumzika. Nami nilikuwa Esperansi, mwalimu wa hesabu asiye na shule. Sisi watatu ndio tuliokuwa kikundi cha mwanzo.

Niwaeleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu bila hilo hamtaelewa lililotupata. Katika programu kila jina lina aina yake. Jina moja linashika namba, lingine linashika maneno, lingine orodha nzima ya vitu. Ukijumlisha namba na orodha, kitu kitavunjika. Ziko lugha zinazokulazimisha utangaze aina ya kila jina kabla ya kulitumia: huyu ni namba, yule ni orodha. Lugha nyingi za vitu, zile ambazo kila kitu kina ukoo wake na baba yake, zilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Na ziko nyingine, lugha za fonksio, yaani vipande vidogo vya programu vinavyopokea kitu na kurudisha kingine, ambazo hazikuulizi. Zinaangalia jina linavyotumika, halafu zinang'amua zenyewe. Umejumlisha moja kwenye x? Basi x ni namba. Umemuuliza urefu wake? Basi ni orodha. Umempokea tu ukamrudisha kama alivyo? Basi anaweza kuwa chochote, na mashine haitathubutu kusema zaidi ya hapo.

Hilo la mwisho Mzee Kashindi alilipenda kuliko yote. "Usikate zaidi ya kitambaa," alikuwa akimwambia Dede, ambaye kama fundi alilielewa upesi. "Matumizi yakikulazimisha useme namba, sema namba. Yasipokulazimisha, funga kinywa."

Nilimuuliza siku moja kwa nini hataki kabisa tutangaze aina, hata pale ambapo lugha yenyewe inaruhusu. Alifuta chaki mikononi polepole.

"Mwanangu Espe, njiani ulipita bariyeri ngapi za askari?"

Nani alihesabu?

"Kila mahali, 'We ni nani? We ni wa wapi?' Batu balikufa ju ya jibu moja. Bariyeri nimeona ya kutosha. Siweki ingine ndani ya programu yangu."

Nasi tulikubali. Tuliikubali kama dini. Hakuna aliyeandika aina mahali popote, hata pale kazi ya mmoja ilipokutana na kazi ya mwingine. Kama kuna kosa ambalo watu wengine wa taaluma hii wasingelifanya, na sisi tulilifanya kwa moyo safi, ni hilo. Lishikeni, nitalirudia.

Kwa kuwa hatukuwa na mashine, tulicheza mashine. Kila mmoja alikaa badala ya jina. Mzee anasoma mstari, sisi tunajibu.

"Mi nimejumlishwa!"

"Basi we ni namba."

"Mi nimeulizwa urefu!"

"Basi we ni orodha."

"Lakini mstari wa juu nilikuwa namba!"

"Ah! Mugongano!" Na wote tulipiga makofi, kwa sababu mgongano uliokamatwa Dzaleka ni safari moja ya Lilongwe, kwenye kompyuta ya kukodi, iliyookolewa. Mama mmoja wa kanisa alipita akatusikia tukipaza sauti, "Mi ni namba! Mi ni namba!" Kesho yake maji ya kisimani yalikuwa yamekwishajua kwamba tumeingia dini nyingine. Dede aliulizwa kwenye kwaya kama bado anaamini.

Kushuku ndiyo ilikuwa hewa tuliyoivuta, wanangu. Msidhani nawasema watu vibaya. Mtu aliyewahi kumwamini jirani akaamka nyumba inawaka hujifunza kusoma vitu vidogo. Namna mtu anavyosalimia. Namna anavyokaa. Upande anaoangalia wakati gari linapita.

Hewa hiyo ndiyo iliyomkuta Tomasi.

Alifika wakati vita vya pili vya Kongo vilipokuwa vimechachamaa huko nyumbani, kijana wa rika langu, mrefu, shati limepigwa pasi katika kambi ambayo pasi zilikuwa chache kuliko wachungaji. Alisema ametoka Fizi. Alisema amesoma hesabu. Mzee alimpa chaki, akamwonyesha mstari mgumu kwenye bati, na Tomasi akaung'amua mpaka mwisho bila kukosea, akirudi nyuma pale palipohitaji kurudi. Mzee akamwambia alale katika chumba chetu cha masomo. Hakuwa na mahali pengine. Mkeka wake aliuviringisha kila asubuhi na kuusimamisha kwenye kona, nyuma ya mlango.

Dede hakumpenda tangu siku ya kwanza.

"Yaya Espe," aliniita pembeni, yaani dada mkubwa kwa lugha yetu, "ile mutu haiko mutoto wa Fizi. Angalia vile anafunga viatu. Angalia vile anaamuka mbele ya jogoo. Na hapana kukaa mugongo kwa mulango hata siku moja. Umeona?"

"Nimeona."

"Na Kiswahili chake? Iko safi sana. Mutu wa kwetu hasemi vile. Mutu ambaye amefua Kiswahili chake, iko na kitu alikuwa anatoa."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeona vyote hivyo kabla yake. Mwalimu wa hesabu huona. Kambi nzima iliona. Wakasema alikuwa mwanajeshi. Na hapo ndipo palipokuwa na ajabu, kwa sababu hakuna waliokubaliana ni jeshi gani. Kila mmoja alimtia katika jeshi lile alilolikimbia yeye. Wa Uvira walimtia kwa hawa, wa Bukavu kwa wale, na mzee mmoja aliyekimbia mapema kuliko wote alimtia katika jeshi ambalo lilikuwa limeshakufa. Tomasi mmoja, majeshi yote.

Ninyi mnaojua kung'amua aina mtaona kosa. Viatu vilivyofungwa vizuri vinakulazimisha useme nini? Kwamba mtu anafunga viatu vizuri. Kuamka mapema? Kwamba hana usingizi, na nani pale alikuwa nao? Mzee Kashindi alimwambia Dede hivyo hivyo, na Dede akajibu, "Muzee, hii haiko x. Hii ni mutu. X haiwezi kunikata shingo."

Mzee alirudi kwenye bati lake.

Baada ya muda majirani walikuja kwa Mzee kama wajumbe. Walimheshimu, walikaa kwanza, waliulizia afya. Kisha wakasema kwamba batoto hawatakuja tena kusoma hesabu kwangu katika chumba ambacho yule mutu analala. Aondoke, au chumba kife. Mzee aliomba wamwachie mpaka kazi yetu ya Lilongwe, programu tuliyokuwa tumeagizwa huko, iishe. Ikienda vizuri, na Tomasi akiwa mwaminifu ndani yake, atabaki. Ikiharibika kwa mkono wake, ataondoka. Wakakubali. Tomasi alikuwa nje akifua; alikuwa ameacha kusugua.

Niweke kituo hapa kidogo, maana nawaona mnaoandika kwa lugha za vitu mnakunja uso, mnasema haya ya fonksio hayawahusu. Yanawahusu. Miaka mingi baadaye nilikuwa katika ofisi moja ya Lilongwe, tunaandika programu ya mnada wa mifugo. Lugha zile za vitu zilikuwa zimeanza nazo kujifunza kung'amua, kidogo kidogo, kama mtu mzima anayejifunza kuogelea. Binti mmoja wa ofisini, Chikondi, alitengeneza zizi, akatia mbuzi ndani, akaiachia mashine ing'amue hilo ni zizi la nini. Mashine ikasema: zizi la mbuzi. Ng'ombe alipofika akazuiwa.

"Amayi!" Chikondi aliniita, yaani mama kwa Kichewa, kwa wingi wa heshima, amekasirika kwelikweli. "Njooni muone, mashine hii ina ubaguzi!"

"Umeionyesha mnyama gani?"

"Mbuzi."

"Basi ulitaka iote ng'ombe?"

Katika lugha zenye koo, mbuzi ni mbuzi, na pia ni mnyama, na pia ni kitu. Yote ni kweli. Mashine haiwezi kujua wewe ulimaanisha lipi, kwa hiyo inachukua lililo karibu na jicho lake. Ndiyo maana nawaambia: ndani ya chumba chako acha mashine ing'amue, usijichoshe kuandika kila jina na aina yake kama mtu anayebandika majina kwenye vijiko. Lakini mlangoni, pale mwingine atakapoingia, andika. Andika zizi la mifugo. Usimwachie jirani akisie.

Na jambo lingine. Programu ikikubaliwa mara ya kwanza, mimi huinuka nikaenda kunywa maji, nikirudi natafuta nimedanganywa wapi. Mashine ikinyamaza maana yake ni kwamba vipande vinapatana. Haijasema kwamba ni vya kweli. Uzito wa mahindi ni namba, na umri wa mkulima ni namba. Ukivijumlisha mashine itakujumlishia, tena kwa adabu.

Haya, kazi ya Lilongwe. Mwenye ghala na kinu kule Nathenje, nje ya Lilongwe, alitaka programu ya kupokea mahindi. Wakulima wanaleta magunia, yanapimwa, mtu anapewa stakabadhi, na jioni ghala lijue limejaa kiasi gani. Tuligawana. Dede aliandika fonksio ya stakabadhi. Tomasi aliandika ya kujumlisha ya siku. Mimi niliandika ya kusoma mizani. Mzee akaandika kipande cha kuunganisha: anapokea jina moja, mzigo, anampelekea Dede, halafu anampelekea Tomasi. Tuliandika kwenye karatasi kambini, kila mtu kipande chake, na kwa kuwa msimu ulikuwa umeshafika hatukukaa pamoja kucheza mashine. Tulikwenda mjini moja kwa moja.

Huko Chilinde, mtaa wa Lilongwe, tulikuwa tukikodi kompyuta nyuma ya duka la Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri, Mmalawi aliyewahi kufuata vipuri vya magari Dar es Salaam akarudi na Kiswahili cha Kariakoo. Duka lilinuka mafuta ya taa na karatasi mpya. Alitukalisha kwenye viti viwili kwa watu wanne na kutufungulia mashine kama anayefungua mtungi wa maziwa.

Mimi nilichapa, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Vipande vyote vikaingia. Nikaiomba mashine iangalie.

Ilikataa. Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo, na maneno chini yake kwa Kiingereza: hapa nimekuta orodha ya namba, nami nilitazamia namba. Na mstari wenyewe ulikuwa pale tulipomkabidhi Tomasi mzigo.

Dede alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Njo yeye, ni yeye! Muzee, umeona? Mi nilisema! Hata mashine imemujua!"

Tomasi aligeuka akaangalia mlango wa duka, si kama mtu anayetaka kukimbia, ila kama mtu anayetaka kujua bado upo.

"Nyie Wakongo," Bambo Phiri aliita kutoka kaunta, "msinivunjie kiti! Mashine ikisema hapana ni hapana. Yenyewe haina kabila."

"Umesikia?" Dede alimwambia Mzee. "Hata mwenye duka. Haina kabila. Inasema haki."

Mzee Kashindi alikuwa amekunja mikono. Nilimwona anazeeka pale pale. Alikuwa ametoa neno lake kwa majirani, na neno lilikuwa limefika. "Tomasi," alisema, "ulifanya nini?"

"Niliandika kama nilivyoelewa, Mwalimu."

"Ulielewa nini?" Dede aliuliza. "Kuharibu?"

Sasa, mimi si mtu mwema kuliko wengine. Sikumtetea kwa sababu nilimpenda. Mimi ni mtu wa kushuku tu, na siku ile nilishuku kitu kingine: nilishuku kidole chenyewe. Nilijiuliza, mashine imesoma kwa mpangilio gani? Imemkuta mzigo kwanza kwa Dede. Dede kamfanya namba. Mashine ikaamini, maana haikuwa na sababu ya kukataa. Ikatembea na imani hiyo mpaka kwa Tomasi, na pale ikakuta mzigo ni orodha. Ikapiga kelele hapo iliposimama. Sasa je, kama ingeanza kwa Tomasi?

Fonksio zile mbili hazikutegemeana. Nilichukua mstari wa Dede nikaushusha, nikaupandisha wa Tomasi. Basi. Sikugusa hata herufi nyingine. Nikaiomba mashine iangalie tena.

Ilikataa tena. Safari hii ilisema: hapa nimekuta namba, nami nilitazamia orodha ya namba. Na mstari ulikuwa wa Dede.

Bambo Phiri aliacha kaunta akaja kuangalia, akiwa bado ameshika raba ya kufutia ya mteja.

"Umefanya nini, yaya?" Dede aliuliza.

"Nimewabadilisha foleni."

"Na mi nimekuwa muharibifu?"

"Kwa sasa, ndiyo. Nikirudisha, atakuwa yeye."

Alikaa polepole, pale ambapo kiti hakikuwapo, akashika meza. Mzee Kashindi alisogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa, akasoma mara mbili, akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyeumia. "Ni mimi," alisema. "Mulango ni wangu. Sikuandika kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine haikuwa imesema nani kakosea. Mashine haijui hilo hata leo, wanangu, hata ikiwa mpya namna gani na kioo chake kinang'aa vipi. Ilisema tu kwamba hawa wawili hawapatani. Kidole kinaangukia aliyesomwa mwisho. Mnapoona mstari mwekundu, msianze kumfuta aliye chini yake. Rudini nyuma muulize mashine ilianza kuamini nini, na ni nani aliyeifanya iamini.

"Mzigo ni nini, basi?" niliwauliza.

Dede alisema ni uzito wote wa mkulima kwa pamoja. Tomasi alisema ni magunia, kila moja na uzito wake. Kwa mara ya kwanza tangu afike, mtu alikuwa amemuuliza Tomasi alimaanisha nini, na alieleza kwa sauti ya chini: wakulima wengine huweka mawe chini ya gunia, au hulimwagia maji, mwenye ghala akijumlisha yote hawezi kujua gunia gani lilidanganya. Siku iliyofuata tulikwenda Nathenje kumuuliza mwenyewe. Alijipiga kofi gotini kwa furaha. "Kila gunia peke yake! Mimi hapa simwamini hata shangazi yangu!"

Dede aliandika fonksio yake upya pale pale ghalani, juu ya gunia, mashavu yamemchemka. Mzee naye aliandika mlangoni, kwa mkono wake, mstari mmoja: mzigo ni orodha ya uzito. Ilikuwa aina ya kwanza aliyoitangaza tangu nimjue. Aliiandika kwa herufi ndogo sana. Tuliporudi Chilinde mashine iliinyamazia kazi yote, mimi nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikatafuta, na sikupata kitu. Mwenye ghala aliipokea.

Mzee alipita kwa majirani mmoja mmoja kuwaambia. Wengine walikubali, wengine walisema mhm. Lakini neno lilikuwa neno: Tomasi atabaki. Alipoambiwa aliinamisha kichwa tu, na mchana ule niliona amelaza mkeka wake ukaachwa umelala, haujasimamishwa kwenye kona.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Dede alikuja katika kile chumba na sufuria ya viazi vitamu vya moto. Alikuwa amevaa shati la kwaya. Aliiweka sufuria mbele ya Tomasi, akapiga goti moja kama mtu anayempima mteja urefu wa suruali.

"Kaka Tomasi. Nilikusema mubaya. Kwa batu, kwa kwaya, fasi yote. Unisamehe."

"Yamekwisha," Tomasi alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Tulikula. Mzee alimenya kiazi kwa ukucha, akasimulia jinsi alivyowahi kufundisha darasa zima huku suruali imepasuka nyuma. Tomasi alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, na meno yake yalikuwa mazuri. Alikuwa amekaa mgongo kwa mlango, na nadhani hakujua. Nilifikiri, hivi ndivyo mtu anavyofika mahali.

Dede alifuta mikono, akamsogelea, akamwekea mkono begani kwa upendo. Nawaapia ilikuwa kwa upendo.

"Sasa tuko bandugu," alisema. "Hakuna kufichana. Utuambie tu, kaka, sisi hapa peke yetu. Ulikuwaka kwa jeshi gani?"

Kiazi changu kilikuwa njiani kuja mdomoni. Nilimtazama Mzee, aseme kitu, agonge bati, akohoe. Mzee alikuwa ameacha kumenya. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio mbele. Anangoja. Nami, wanangu, nilikuwa nimebana pumzi ili nisikie vizuri.

Tomasi alitutazama, mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama mtu anayesoma mstari alioujua tangu mwanzo utaishia wapi. Kisha akauondoa mkono wa Dede begani kwake, kwa adabu, akauweka juu ya goti la Dede mwenyewe. Alisimama. Aliviringisha mkeka, akaufunga kwa kamba, akakunja shati lake la pili mara mbili.

"Kaka," Dede alisema, "ni swali tu."

"Najua," alisema Tomasi. "Asanteni kwa viazi. Vilikuwa vitamu."

Alimpa Mzee mkono kwa mikono yote miwili. Akaniitikia mimi kwa kichwa. Halafu akatoka na kuufunga mlango nyuma yake taratibu, akiushikilia mpaka mwisho usigonge, kama anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala.